Aliyelea Amiba Miaka Thelathini na Miwili

Miwani yake mipya iko tayari dukani tangu juzi. Mwenye duka alipiga simu kumwambia apite kuijaribu, na simu ikapokelewa na watu waliokuwa wakimchagulia nguo ya kuzikwa. Wiki mbili tu zilizopita, Jumapili kama ya leo, alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na dumu la lita kumi mkono mmoja, akimtania mumewe aliyebeba mkate: "Fundi, ukichoka sema, nikubebe na wewe." Leo, tarehe 20 Oktoba 2024, tumemleta hapa. Akili inajitahidi kukubali, mwili unakataa. Masikio bado yanamngoja aingie akilalamika kwamba watu wameketishwa juani.

Maisha yake yanasomwa na mdogo wake wa mwisho, kwa kuwa alimwagiza mwenyewe, na akamwagiza pia ni lipi lisiachwe. Wanaolijua wanalijua. Wasiolijua wavute subira, litafika.

Alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1963, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la baba yake, fundi saa. Ilikuwa saa nne asubuhi, au kitu kama hicho. Baba alipenda kusema kwamba siku hiyo ukutani kulikuwa na saa kumi na tisa, na kila moja ilikuwa na maoni yake. Mama yao alikuwa mshonaji. Yeye ndiye kifungua mimba. Baadaye walifuata mdogo wake wa kike na huyu wa mwisho anayewasomea. Alipofika miaka mitano, baba alimfundisha kubana jichoni ile lenzi ndogo ya fundi saa na kutazama meno ya magurudumu. Macho yake yakazoea vidogo kabla hayajazoea vikubwa. Mama alipomtuma nyuzi, alirudi bila kuona lori lililopinduka njiani, lakini alikuwa na habari kamili ya sisimizi waliobeba bawa la nzi kando ya lori hilo.

Alianza shule ya msingi Januari 1970. Mwalimu wao wa sayansi alikuwa na hadubini moja tu, aliyoifungia kabatini, na wanafunzi waliitazama kupitia kioo cha kabati kama mgonjwa asiyeruhusiwa wageni. Siku moja mwaka 1975, akiwa darasa la sita, mwalimu aliiacha mezani akatoka kidogo. Aliporudi alimkuta binti wa fundi saa ameinama juu yake. Alikuwa ametia kwenye kioo tone la maji kutoka chombo cha maua cha mwalimu mkuu, maua yenyewe yamenyauka zamani.

"Nani kakuruhusu?"

"Mwalimu, kuna mtu anatembea humu."

"Mtu gani?"

"Hana kichwa, hana miguu, ila anatembea. Akitaka mguu anautoa, akimaliza anaurudisha ndani."

Mwalimu akainama atazame, na fimbo ikasahaulika. "Huyo anaitwa amiba," akasema.

"Anakwenda wapi?"

"Kula. Hana safari nyingine."

Tangu siku hiyo akaitwa Bi Hadubini. Jina hilo lilimfuata mpaka sekondari, aliyomaliza mwaka 1982, na likamsubiri kazini kabla yeye hajafika.

Februari 1985 aliajiriwa kuosha vyupa kwenye maabara ya maji ya hospitali kuu. Ilikuwa chumba cha chini, chenye madirisha madogo juu kabisa, usawa wa viatu vya wapita njia. Alisema angeweza kumtambua mkurugenzi kwa soli zake. Mchana aliosha vyupa, jioni akasoma, na mwaka 1988 akapata cheti cha ufundi wa maabara. Hakupata kuwa daktari wala profesa, na hakuwahi kuona haya kwa hilo. "Profesa anajua kwa nini," alisema. "Mimi najua kama ni kweli."

Hapo katikati, mwaka 1987, sinki la maabara liliziba. Akaletwa fundi bomba, kijana mrefu mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alifungua bomba la chini, ute mweusi ukamwagikia kiganjani.

"Dada, nipe ndoo niimwage hii takataka."

"Usimwage! Hiyo si takataka."

"Ni nini, basi?"

"Ni mji. Una wakazi wengi kuliko huu wetu. Niwekee kwenye chupa."

Fundi alimtazama, akaitazama mikono yake, akatii. Wiki iliyofuata alirudi bila kuitwa. Mfukoni alikuwa na chupa ya jemu iliyojaa utelezi wa tangi la kiwanda cha mikate. Baada ya hapo ikaja ya dobi, ikaja ya shule, ikaja ya hoteli. Wenzake wa rika lake waliletewa manukato, yeye aliletewa utando wa matangi ya jiji zima, kila chupa na karatasi yake yenye mwandiko wa kuku: "Tangi la hoteli, ukuta wa nyuma. Nilipokuwa ndani nilikukumbuka." Chupa zikajaa dirishani, na mama yao akauliza:

"Huyu kijana anakuletea nini kila siku?"

"Uchafu, mama."

"Kaoa?"

"Bado."

"Mwambie aje ale."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 2 Desemba 1989. Binti yao pekee alizaliwa Machi 1992. Kwa miaka thelathini na minne na zaidi waliishi ghorofa ya tatu ya jengo lilelile, lenye familia kumi na mbili na tangi moja la zege juu ya paa, tangi ambalo Fundi alilitunza bila kuombwa. Watu hawa hawakuwahi kukubaliana jambo moja tu: yeye alipenda maji ya moto ya bomba la manyunyu, mpaka bafu likajaa mvuke na kioo kisionyeshe sura, Fundi alioga kwa ndoo na kopo, maji baridi, hata siku za baridi kali. "Ndoa yetu imedumu," alisema, "kwa sababu hatugombanii bafu."

Sasa inabidi kueleza kazi yake, maana bila kuieleza kazi hakieleweki kifo.

Mwaka 1991 alikuja hospitalini daktari mtafiti aliyetaka kujua habari za bakteria fulani wa majini, ambao mtu akiwavuta pamoja na mvuke au manyunyu humletea nimonia kali. Jambo lilimtatiza. Bakteria hao wakioteshwa peke yao kwenye visahani vya maabara walionekana wanyonge, wa kubembelezwa. Wakipewa seli za kinga za binadamu, walizaliana humo kwa kusuasua. Hata hivyo watu waliougua waliugua vibaya, na wengine walikufa. Nguvu hiyo waliitoa wapi? Akauliza kama kuna mtu hospitalini anayejua wanachokutana nacho bakteria hawa wakiwa nyumbani kwao, ndani ya matangi. Kila kidole kikaelekea chumba cha chini, kwa mke wa fundi bomba.

Yeye alikwisha kuwaona, na aliwaona ndani ya amiba. Kwa kawaida amiba humeza bakteria na kumsaga, kwisha habari. Huyu alimezwa akagoma kusagika. Alijifungia chumba ndani ya tumbo lililommeza, akazaa humo hadi amiba akapasuka. Na kwenye mapafu ya kila mmoja wetu aliyeketi hapa zipo seli za kinga ambazo kazi yao ni ileile ya amiba: kumeza kila kijidudu kinachoingia na pumzi. Zinameza kwa namna moja, zinasaga kwa namna moja.

Ijumaa tarehe 10 Juni 1994 aliweka bakteria kwenye seli za kinga za binadamu, idadi sawa kila upande. Upande mmoja walikuwa bakteria waliooteshwa kisahanini, upande wa pili ni wale waliokwisha kukulia ndani ya amiba. Seli zilikuwa zake mwenyewe, kutoka damu aliyotolewa mkononi asubuhi, kwa kuwa mtu wa zamu ya kutoa damu alikuwa na mafua. Jumapili alikwenda kutazama. Upande wa kwanza bakteria walikuwa wameongezeka kidogo. Upande wa pili walikuwa wameingia kwa wingi, wakazaliana mara nyingi zaidi, na seli zilikuwa zinapasuka. Alisimulia kwamba alijikuta amekishika kifua chake.

Daktari mtafiti hakukubali. "Umechanganya visahani, dada."

"Sijachanganya."

"Kila mtu huchanganya."

"Basi leta kiti ukae, nirudie mbele yako. Na simu usipokee."

Daktari alikaa. Akarudia mara tatu, wiki tatu mfululizo, na mara zote tatu jibu likawa lile. Wenzao wa maabara nyingine za mbali walikuwa wakiona mambo kama hayo, na makala zikaandikwa. Katika makala ya kwanza alitajwa mstari wa mwisho, kwenye shukrani. Katika ya pili akawekwa miongoni mwa waandishi. Baba yao, aliyekuwa hai bado, aliikata ile karatasi akaitundika dukani kati ya saa mbili ambazo hazikukubaliana.

Yeye aliueleza ugunduzi huo kwa namna yake, kwa yeyote aliyeketi karibu naye kwenye basi: "Amiba ni chuo cha wezi. Mwizi akishajifunza kuvunja kufuli la amiba, akifika kwenye mapafu yako anakuta kufuli lilelile. Hana haja ya kujifunza upya." Na baada ya hapo, hata asipoulizwa, aliongeza habari ya brashi. Klorini, alisema, ni askari wa barabarani: humkamata anayepita. Bakteria aliyejificha ndani ya amiba, na amiba mwenyewe amejikunja kwenye gamba lake ndani ya utando wa ukuta, askari hamfikii. Tangi halisafishwi kwa dawa peke yake. Mwaga, sugua utando wote mpaka zege ling'ae, suuza, ndipo utie dawa. Kwa miaka thelathini na miwili aliwalea amiba wake kwenye visahani, akiwalisha na kuwahamisha kila wiki, na kwa miaka hiyohiyo alizunguka wodi, mabweni na hoteli akihubiri brashi. Wahudumu walimwona kwa mbali wakasema, "Haya, Mama Brashi huyo." Alistaafu tarehe 31 Machi 2023. Zawadi waliyompa ilikuwa hadubini kuukuu na brashi yenye utepe.

Tunafika kwenye lile aliloagiza lisiachwe.

Amiba bora aliowahi kuwalea, wanene, wasiokufa ovyo, walitoka kwenye tangi la jengo lake mwenyewe. Mwaka huu maabara ilimwomba arudi Novemba kuwafundisha mafundi wapya, akaahidi kuwaletea kizazi kipya cha amiba haohao. Tarehe 6 Septemba, akiwa anafunga mizigo kwenda kumsaidia binti yake aliyekuwa anakaribia kujifungua, alimwambia mumewe, "Fundi, zamu ya tangi imefika. Limwage, tia klorini. Ila utando usiuguse. Nitaukwangua mwenyewe nikirudi."

"Si unasema siku zote lazima kusugua?"

"Wiki tatu tu, Fundi. Unataka nianze kutafuta amiba mitaani uzeeni?"

Fundi hakubisha. Alikuwa amemwekea utando tangu ujana, na huu nao akamwekea. Alimwaga maji, akatia klorini mara mbili ya kipimo kwa ajili ya usalama, akaufunika kwa nailoni ukuta wenye utando, kama anavyofunikiwa chakula mtu aliyechelewa. Alikosea kama ambavyo mtu mwingine asingeweza kukosea, kwa kuwa hakuna fundi mwingine ambaye angejali utelezi wa mke wake.

Alirudi Jumapili tarehe 29 Septemba, amechoka na mwenye furaha, simu imejaa picha za mjukuu. Akaoga maji ya moto, bafu likajaa mvuke. Utando akaupangia Jumatano, Jumatano ikaja na wageni waliotaka kuona picha, akausogeza hadi Jumatano ya pili.

Jumanne tarehe 8 Oktoba alipata homa na kutetemeka. Alisema ni mafua ya safari. Alikuta kabatini vidonge vilivyobaki vya mwaka jana, akameza. Mganga hajigangi: mtu aliyewaeleza wanafunzi wengi kwamba vidonge vya aina ile havimfikii bakteria aliyejificha ndani ya seli, yeye alivimeza siku tatu bila kujiuliza. Ijumaa zahanati ilimchoma sindano ya nimonia ya kawaida. Usiku ukapita vibaya, na Jumamosi tarehe 12 alimwita mumewe kwa jina la baba yake, yule fundi saa, akamuuliza kama saa ya mteja imekwisha. Fundi alimbeba ngazi zote tatu, akamfikisha hospitali kuu, ghorofa mbili juu ya chumba chake cha zamani.

Mdogo wake wa mwisho alifika kwa ndege Jumapili adhuhuri. Alimkuta na barakoa ya hewa usoni, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu anayekimbia huku amelala. Daktari kijana wa wodi alikuwa akimuuliza Fundi maswali ya kawaida: anavuta sigara, ana kisukari, amesafiri? Yeye akafumbua macho. Homa ilikuwa imemwachia nafasi.

"Nani mwingine anakohoa?" akauliza.

"Mama, tulia," akasema daktari.

"Fundi! Kwenye jengo. Nani mwingine?"

Fundi akafikiri. "Mwalimu wa ghorofa ya pili. Tangu Alhamisi."

Hapo walioko chumbani waliona uso wake ukibadilika. Haikuwa hofu. Yalikuwa yale macho ya mtu aliyepata jibu kwenye kisahani. Akapiga godoro kwa kiganja. "Mpigieni sasa hivi. Aje. Na mtu yeyote asioge kwa bomba la manyunyu jengo zima." Kisha akamgeukia daktari, akamtajia bakteria kwa jina lake kamili, akamtajia na dawa inayoingia ndani ya seli. Daktari kijana alisimama na kalamu hewani. Dawa ikabadilishwa saa ileile. Kwake siku tano za ugonjwa zilikuwa zimekwisha kupita. Kwa mwalimu mstaafu zilikuwa tatu. Mwalimu aliletwa jioni hiyo, akaanzishiwa dawa. Aliruhusiwa juzi, na ameketi hapa leo upande wa kulia. Ameomba jambo hili lisemwe kwa sauti.

Jioni hiyohiyo, kwenye korido ya wodi, kulitokea jambo ambalo familia hii inalionea haya. Wenzake wa maabara walikuwa wamekwenda kupima tangi, wakarudi na habari kwamba ukuta wake una utando mnene. Dada wa kati alimwendea Fundi mbele ya watu.

"Shemeji, ulisafisha tangi au hukusafisha?"

"Nilitia klorini."

"Ulisugua?"

Fundi akaitazama mikono yake. "Sikusugua. Ni kweli sikusugua."

"Miaka yote umekaa na Mama Brashi, halafu hukusugua! Kikulacho ki nguoni mwako." Na mdogo wa mwisho, huyu anayesoma, akaongeza kwa mdomo wake: "Umemuua dada yetu." Wakasema pia kwamba asikae na familia mbele, litakapotokea la kutokea. Fundi alikwenda akasimama dirishani mwisho wa korido.

Jumatatu tarehe 14, kabla ya kuunganishwa na mashine ya kupumulia, mgonjwa alimwita mdogo wake peke yake. Alikuwa amesikia, mlango wa wodi ulikuwa wazi. Alisogeza barakoa pembeni, akawa anasema maneno manne, anairudisha, anavuta hewa, anasema mengine manne.

"Fundi kawaambia kwamba nilimkataza?"

"Ulimkataza nini? Yeye hakusema kitu."

Alifumba macho. "Mjinga yule," akasema, kwa sauti ambayo watu wengine husemea neno 'mpenzi'. "Ananifichia. Anaona heri yeye aitwe muuaji kuliko mimi niitwe mzembe. Chukua kalamu."

"Dada, pumzika kwanza."

"Nitapumzika sana tu. Andika. Utando ni mimi niliyesema uachwe. Andika hivyohivyo, na usome siku ya kuzika."

Mdogo wake alikuwa na kalamu, mkono haukwenda. "Watu watasema nini, dada? Kazi yako yote ile, miaka yote, halafu..."

"Waseme." Akavuta hewa. "Ukimlaumu Fundi, watabadilisha fundi, watalala. Ukisema Bi Hadubini mwenyewe, aliyejua, naye aliacha utando wiki tatu, basi hakuna atakayejiona anajua sana. Watasugua." Akavuta tena. "Na usiandike 'kwa bahati mbaya'. Bahati haina mikono."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyosema akiwa na akili timamu, yakiondolewa machache aliyomwambia mumewe alipoitwa ndani, na hayo ni ya mumewe. Jumatano majibu ya maabara yalitoka, yakapokelewa na fundi wa maabara aliyefundishwa kazi na marehemu mwenyewe, akilia juu ya karatasi: bakteria wale wale kwenye kifua chake na kwenye tangi, na kwenye utando amiba waliojaa bakteria hao hadi kupasuka. Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na moja, miezi saba na siku tatu. Siku tisa kabla yake alikuwa akitafuta kwenye simu picha ya mjukuu anapiga chafya.

Jana jioni Fundi alimfuata mdogo wa marehemu jikoni, akafunga mlango.

"Shemeji, ile karatasi usiisome."

"Kaniagiza mwenyewe."

"Najua. Usiisome. Watu wamekuja kumzika mtu wa maana. Niache nilaumiwe mimi, nimezoea maji machafu."

Mdogo mtu alimshika ile mikono mikubwa, wakasimama hivyo hadi maji ya chai yakakauka kwenye birika. Alimpenda wakati huo kuliko wakati mwingine wowote, na bado alijua atamkatalia, maana aliyekufa alichagua, na alichagua akiwa na pumzi chache za kuchagulia. Kwa hiyo imesomwa, neno kwa neno. Shemeji, dada wa kati na huyu mdogo wa mwisho wanakuomba radhi mbele ya watu hawa wote. Sogea uketi mbele. Nafasi ile ni yako.

Tangi limefungwa. Keshokutwa Jumanne, saa mbili asubuhi, litamwagwa, na familia zote kumi na mbili zimesema kila moja italeta mtu mmoja na brashi moja. Walioko hapa wenye matangi juu ya paa zao wasingoje msiba wao wenyewe.

Marehemu ameacha mume, fundi bomba, ambaye hakumuua. Ameacha binti mmoja na mkwe mmoja. Mjukuu mmoja wa kike aliyetimiza leo mwezi mmoja na siku tano. Mdogo wa kike na mdogo wa kiume. Mafundi wa maabara kumi na wanne aliowafundisha kazi. Na visahani sita vya amiba kwenye kabati la joto, ambavyo wamekubaliana kuvilea kwa zamu.

Dada, umetangulia, pumzika kwa amani. Na mumeo, ambaye hajalala tangu Jumamosi ile, tunamwomba alale leo.